Mwakilishi wetu akae Dodoma au Dar es Salaam? Mji mkuu na utungaji wa sera ya ubunifu

Karakana Kihesa (Iringa) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi na wahandisi wachache wanaobuni na kuunda mashine ndogo za kilimo hapa Iringa, kama vile za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti na za kuchanganya chakula cha kuku. Katika kikao chetu kilichopita tulikubaliana kuchangishana fedha ili mwenzetu mmoja atuwakilishe mahali ambapo sera ya ubunifu ya nchi hutungwa, kwa kuwa tumechoka kuzipata habari za kanuni zikiwa zimekwisha kutangazwa. Tulipofika kwenye suala la mahali pa kumweka, kikao kiligawanyika. Upande mmoja ulisema Dodoma, kwa sababu ndiko makao makuu ya nchi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018, wizara zimehamia Mtumba na Bunge liko huko. Upande wa pili ulisema Dar es Salaam, kwa sababu jengo la Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) liko Kijitonyama, Shirika la Viwango (TBS) liko Ubungo, na wafadhili wengi pamoja na kumbi kubwa za ubunifu wako huko.

Swali langu ni pana kuliko nauli na pango la mwakilishi wetu. Je, mji mkuu ndio unaoijenga sera ya ubunifu ya taifa, au kazi yake ni kuupigia muhuri tu uamuzi uliokwisha kupikwa katika jiji lenye wabunifu na fedha? Na kama ndio unaoijenga, unaijenga kwa njia ipi: kwa sheria, kwa bajeti, au kwa sababu tu kwamba aliye karibu na mlango ndiye husikika? Ningependa kuwasikia watu walioyaona mambo haya kwa karibu, si mashabiki wa miji.

Mzee wa Mafaili (Dodoma):

Ndugu Katibu, nilistaafu utumishi wa umma nikitokea idara ya sera na mipango ya wizara mojawapo, kwa hiyo nitaeleza njia ambayo karatasi hupitia, kisha utapima mwenyewe.

Kwanza historia, maana inaeleza sura ya sera tuliyo nayo. TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini wizara ziliendelea kukaa Dar es Salaam. Sera ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ya mwaka 1985, Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliyounda COSTECH badala ya lile Baraza la Utafiti la mwaka 1968, na sera iliyofuata ya mwaka 1996, zote ziliandikwa katika jiji ambamo wizara, Chuo Kuu cha Mlimani na ofisi za utafiti zilikuwa zikifikiana kwa daladala. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya ubunifu ueleweke kwa muda mrefu kuwa ni tunda la utafiti wa wasomi, na fundi wa karakana aonekane kuwa mtu wa kuhudumiwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, yaani suala la viwanda, wala si la sayansi. Mgawanyo huo wa mafaili upo hadi leo: utafiti uko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, viwanda vidogo viko wizara nyingine, zana za kilimo ni za wizara ya tatu, na mawasiliano ni ya nne. Mbunifu wa mashine ya kukamua alizeti yumo katika mafaili matatu kati ya hayo manne, na hakuna hata moja linalomhusu kikamilifu.

Sasa njia yenyewe. Rasimu ya sera huandikwa na maofisa wa idara, hukusanyiwa maoni ya wadau, hugeuzwa kuwa waraka wa Baraza la Mawaziri unaozungushwa kwa wizara nyingine, hupita katika kamati ya makatibu wakuu, kisha ndipo hufika kwa Baraza lenyewe. Ikihitaji sheria, muswada hupelekwa bungeni, husomwa mara ya kwanza, na kamati ya kudumu inayohusika huwaita wadau kabla ya mjadala. Hatua zote hizo sasa zinafanyika Dodoma. Hata hivyo, nasema kwa uzoefu kwamba maneno mengi ya waraka huwa yamekwisha kukaa kabla ya siku ya wadau, kwa sababu ofisa anayeandika huandika kwa takwimu alizo nazo mezani, na takwimu alizo nazo ni za wale waliozileta.

Lakini nitakushauri usiuwinde sana waraka wenye neno "ubunifu" kwenye jalada lake. Sera ya ubunifu inayowagusa ninyi imo ndani ya Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ndani ya viwango vya TBS, na ndani ya ushuru wa forodha. Chukulia ushuru. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vinne katika ushuru wake wa pamoja: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mashine nyingi za kilimo zilizokamilika huingia kwa asilimia 0 kwa kuhesabiwa kuwa mitambo ya uzalishaji, ilhali aina kadhaa za vyuma ambavyo fundi wa Iringa huvikata na kuvichomelea ili aunde mashine kama hiyo hutozwa ushuru. Kwa hesabu hiyo nchi inaweza kuwa na sera nzuri kabisa ya kumhimiza mbunifu, na wakati huohuo ikampa mwagizaji nafuu isiyomfikia mbunifu huyo. Hakuna aliyekaa akapanga kuwakomoa. Ushuru wa mashine uliwekwa kwa kumfikiria mkulima, na ushuru wa vyuma uliwekwa kwa kufikiria viwanda vya vyuma. Karakana haikuwamo katika fikra za upande wowote, kwa kuwa haikuwa na mtu aliyeleta karatasi yake.

Kwa hiyo jibu langu ni Dodoma, lakini si kwa kupanga chumba mwaka mzima. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Hazina huanza kukusanya mapendekezo ya marekebisho ya kodi miezi kadhaa kabla ya hapo. Anayekuja Juni, Kamati ya Bajeti inapopokea maoni kuhusu Muswada wa Fedha, amekuja kuomba kilichokwisha kufungwa kifunguliwe. Mje mapema. Kutoka Iringa kwa njia ya Mtera hamko mbali.

Mkazi wa Sayansi (Dar es Salaam):

Namheshimu Mzee wa Mafaili, lakini nina shaka na sehemu ya maelezo yake, kwa sababu yanadhani kila jambo zito hupita njia ndefu aliyoieleza.

Nimekuwa nikifanya kazi na kampuni changa za teknolojia hapa Dar es Salaam tangu enzi za ukumbi wa ubunifu wa Buni na kile kituo atamizi (cha kulelea kampuni changa) cha TEHAMA (DTBi) kilichoanzishwa mwaka 2011 ndani ya jengo la COSTECH. Vitu hivyo havikuzaliwa bungeni. Mradi wa ushirikiano na Finland ulileta fedha na wataalamu, Tume ikatoa nafasi, vijana wakajaa. Wiki ya Ubunifu ilianza mwaka 2015 chini ya mfuko uliogharamiwa na Uingereza, na ni katika mikusanyiko hiyo ambapo maofisa wa serikali walianza kuyazoea maneno kama "mfumo wa ubunifu" na "kampuni changa", ambayo leo wanayatumia katika hotuba. Serikali ilikuja kuanzisha mashindano yake ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, mwaka 2019, na kuyafanyia Dodoma. Jiji la biashara lilitangulia kutenda, mji mkuu ukafuata kwa kukusanya, kupanga na kutoa tuzo. Siidharau kazi hiyo, hasa kwa kuwa mashindano yale yaliwapa wabunifu wa mfumo usio rasmi kundi lao wenyewe, jambo ambalo kumbi zetu za hapa hazikulifanya vizuri. Ninachosema ni kwamba hapo mji mkuu ulikuja nyuma.

Pili, kanuni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni kwa gharama iliyozidi shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, hazikuwa muswada. Zilitungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwakilishi wenu angeweza kukaa kwenye ukumbi wa wageni pale bungeni kuanzia Aprili hadi Juni, na jambo kama hilo likampita. Kanuni huandaliwa na wataalamu wa wizara na wa mamlaka ya udhibiti, na sehemu kubwa ya wataalamu hao wa udhibiti kazi zao za kila siku ziko huku ziliko kampuni wanazozisimamia.

Tatu, tozo ya miamala ya simu, ambayo kwa macho yangu ndiyo somo kubwa kuliko yote. Ilipitishwa Dodoma katika bajeti, ikaanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Kelele zilitoka nchi nzima, na Septemba ya mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ikaendelea kupunguzwa, hadi bajeti ya mwaka 2023/24 ilipoiondoa tozo ya kutuma fedha. Kilichoirudisha nyuma ni watu waliopunguza kutumia huduma, pamoja na takwimu za miamala zilizokuwa mikononi mwa kampuni na mamlaka za fedha. Kampuni za simu zina ofisi, wanasheria na namba za kila mtu wa Dodoma, na bado tozo ilipita. Je, kikundi cha Kihesa chenye mwakilishi mmoja kingefua dafu?

Mtaa wa Ngong (Nairobi):

Naomba niongeze uzoefu wa upande wetu, kwa sababu Kenya haina mgawanyiko wa miji miwili mnaouzungumzia. Bunge, Hazina, Benki Kuu, makao ya Safaricom, balozi na vyuo vikuu kadhaa vyote vimo ndani ya Nairobi. Kama ukaribu ungekuwa dawa kamili, basi sisi tungekuwa tumepona zamani.

Ukaribu huo ulitusaidia kweli katika jambo moja. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 pasipo sheria ya malipo ya aina hiyo. Benki Kuu iliichunguza, ikatoa barua ya kutopinga, na huduma ikaanza chini ya uangalizi. Desemba 2008, mashaka yalipozidi, kaimu waziri wa fedha wakati huo, John Michuki, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na ukaguzi huo haukuizima. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa malipo ilikuja mwaka 2011, na kanuni zake mwaka 2014. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa sera ilikuwa ni mazungumzo kati ya ofisi zilizotenganishwa na safari fupi ya gari, kila upande ukiujua upande wa pili kwa sura. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa wale vijana wa programu waliokusanyika kwenye ukumbi wa ubunifu wa iHub, uliofunguliwa kwenye barabara ya Ngong mwaka 2010, wakati Bitange Ndemo akiwa katibu wa wizara ya habari na mawasiliano. Walikuwa na mtu serikalini aliyewaelewa na aliyefikika.

Sasa tazameni upande wa pili wa jiji hilohilo. Kamukunji, wanakofua masanduku, majiko na mikokoteni, si mbali na katikati ya jiji. Ukitembea kwa miguu unafika. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya mwaka 1972 na ripoti yake ndiyo iliyolifanya neno sekta isiyo rasmi lijulikane ulimwenguni. Hata hivyo mafundi hao wa sekta isiyo rasmi, tunaowaita wa jua kali, walisubiri hadi katikati ya miaka ya 1980, Rais Moi alipowatembelea, ndipo wakaanza kupewa vibanda vya kufanyia kazi, na waraka wa serikali uliowahusu waziwazi, ule Na. 2 wa mwaka 1992, ukachukua miaka mingine. Wabunifu hawa walikuwa karibu na Bunge kuliko iHub ilivyokuja kuwa. Hawakukosa kilomita. Walikosa lugha ambayo mwandishi wa sera angeweza kuinakili kwenye waraka wake, na walikosa mtu wa tabaka la mwandishi huyo wa kumpigia simu. Katika hili Ndugu Katibu ndipo ninapokuombeeni mjihadhari: hata mkipanga ofisi mkabala na wizara, mnaweza kubaki Kamukunji.

Nimalizie na sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, ambayo iliunda tume, wakala wa ubunifu na mfuko wa utafiti, na ikaandika kwamba mfuko huo utapewa na Hazina kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kukikaribia kiasi hicho. Na ile Konza, ardhi ya ekari 5,000 nje ya Nairobi ambako Rais Kibaki aliweka msingi mwezi Januari 2013 ili pawe jiji la teknolojia, imekwenda kwa mwendo wa polepole kuliko ilivyoahidiwa, kwa sababu wabunifu wenyewe hawakuona haja ya kuiacha mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Westlands. Ni rahisi serikali kuhamisha ofisi zake, kama mlivyofanya ninyi, kuliko kuwahamisha watu wasio waajiriwa wake.

Mtu wa Fumba (Zanzibar):

Assalamu alaykum. Mimi sina maneno mengi, ila naona mjadala umesahau kwamba makao makuu si hayohayo kwa kila jambo. Utafiti umo katika orodha ya mambo ya Muungano, lakini usajili wa hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kwetu unafanywa na taasisi yetu wenyewe, BPRA, ilhali huko bara ni BRELA. Mbunifu wa Unguja hulazimika kujua ni mlango upi wa Dodoma na upi wa Mjini Magharibi. Faida yake tumeiona: mwaka 2022 serikali yetu ilipotaka kuzivuta kampuni za teknolojia kuja Fumba kwa mpango walioupa jina la Silicon Zanzibar, ilitumia mamlaka yake ya uwekezaji bila kungoja sera ya kitaifa. Hasara yake ni kwamba waliovutwa mwanzo ni wenye mitaji kutoka nje, na mafundi wetu wanaotengeneza vitu kwa mikono wanauliza lini watapewa masharti kama hayo.

Karakana Kihesa (Iringa):

Ndugu zangu, nimefarijika. Nimewasomea wenzangu maelezo yote, na hoja ya ushuru wa vyuma ndiyo iliyowaamsha kuliko nyingine zote, kwani kila mmoja wetu anazo risiti. Hapo limezaliwa swali jipya. Ikiwa viwango vya ushuru vinakubaliwa na nchi wanachama wa Jumuiya, basi mwakilishi wetu si apelekwe Arusha, ambako hata CAMARTEC na TEMDO, taasisi zinazofahamu mashine zetu, ndiko ziliko?

Mzee wa Mafaili (Dodoma):

Hapana, Ndugu Katibu. Arusha ni mahali pa kukutania. Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hufika pale kila mmoja akiwa na orodha yake, na orodha ya Tanzania hutayarishwa Hazina. Hata hivyo umegusa jambo la maana kuhusu CAMARTEC, kwa sababu mojawapo ya majukumu yake ni kuzifanyia majaribio zana za kilimo. Barua yenu ikifika Hazina yenyewe tu, itasomwa kama malalamiko ya wafanyabiashara. Ikifika ikiwa na ripoti ya majaribio ya mashine yenu, jina na namba ya kila bidhaa ya chuma kama ilivyo katika kitabu cha ushuru, na mchanganuo wa gharama unaoonyesha ushuru unachukua sehemu gani ya bei ya mashine moja, ofisa ataweza kuiingiza katika jedwali lake bila kuandika upya. Ndugu yetu wa Nairobi ameliita hilo lugha inayonakilika, nami nakubaliana naye.

Kuhusu hoja ya Mkazi wa Sayansi juu ya kanuni, amesema kweli kwamba hazipiti bungeni. Ila kumbuka kwamba hutiwa saini na waziri, na waziri yuko Dodoma.

Mkazi wa Sayansi (Dar es Salaam):

Hilo la saini sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni juu ya nani anaiweka karatasi mbele ya kalamu. Kabla hamjatuma chochote, fahamuni kwamba mapendekezo ya ushuru hupelekwa pia na Shirikisho la Wenye Viwanda (CTI), lenye makao yake huku Dar es Salaam. Ndani ya sekta hiyo wamo wazalishaji wa vyuma, ambao wangependa ushuru wa vyuma vinavyotoka nje ubaki juu. Msipozungumza nao mapema, karatasi yenu na yao zitakutana mezani Hazina zikipingana, na ofisa atachagua ya mwenye kiwanda chenye wafanyakazi mia kadhaa. Inawezekana mkakubaliana juu ya aina za vyuma ambazo hazizalishwi nchini, na hizo peke yake ndizo mkaziombea nafuu. Mazungumzo hayo yafanyikie Dar es Salaam, kabla ya Desemba, kisha ndipo mwakilishi wenu apande basi la Dodoma.

Karakana Kihesa (Iringa):

Nimeelewa. Jumamosi nitapendekeza kikaoni tusipange ofisi popote. Fedha ya pango tuitumie kulipia majaribio ya mashine mbili Arusha na safari za mwakilishi, ya kwanza Dar es Salaam na ya pili Dodoma. Aliye na mfano wa barua ya mapendekezo ya kodi iliyowahi kupokelewa Hazina, naomba auweke hapa baada ya kufuta majina.